Yuza mmoja, prosesi tano: jinsi ya kufuatilia sesheni kwenye databesi yenye seva za pamoja

Kuna lalamiko moja kila DBA (msimamizi wa databesi) ameshalisikia. Mtu wa aplikesheni anakuja anakwambia kuna yuza mmoja skrini yake inakwama, wenzake wote wako fresh, hebu tuangalizie kwenye databesi huyu mtu anafanya nini. Kama databesi imewekwa ile staili ya kila yuza na prosesi yake mwenyewe, kazi ni nyepesi tu, unaitafuta sesheni, unawasha treisi (rekodi ya kila kitu sesheni inachofanya), faili linatokea moja, unalisoma. Ila kama databesi inatumia seva za pamoja (prosesi chache zinazohudumia yuza wote), au aplikesheni inapitia puli ya koneksheni (koneksheni chache ambazo watu wengi wanapokezana), unawasha treisi ileile, unaenda kwenye folda, unakuta vipande vya huyo yuza vimetapakaa kwenye mafaili manne matano na humo humo kuna vipande vya watu wengine ambao hukuwahitaji kabisa. Wengi hapo ndo wanapokata tamaa na kusema treisi haifanyi kazi kwenye mfumo huu. Inafanya kazi vizuri tu, tatizo ni kwamba tunaifuata prosesi wakati tulitakiwa kumfuata yuza, na kwenye mfumo wa pamoja hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nitaongelea zaidi Oracle kwa sababu ndo ambako jambo hili limefikiriwa kwa kina, mwishoni nitagusa PostgreSQL kidogo maana huko nako mambo ni yaleyale kwa sura nyingine.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, maana usipoelewa hapa huko mbele utakuwa unakariri komandi tu. Kwenye mfumo wa kawaida yuza akiingia anapewa prosesi ya seva inayomhudumia yeye peke yake mpaka atoke, hata akikaa saa nzima bila kugusa kibodi prosesi ipo inamsubiri. Ukiwa na yuza mia mbili ni sawa, ukiwa na elfu kumi memori inaanza kulia. Ndo maana tangu enzi za Oracle7 wakaleta mpangilio mwingine uliokuwa unaitwa MTS (multi-threaded server), kuanzia 9i ukabadilishwa jina ukawa shared server. Hapo yuza anaungana na dispacha, prosesi inayoitwa D000, D001 na kuendelea. Dispacha haipigi kweri (swali la SQL) yoyote, kazi yake ni kupokea ombi na kuliweka kwenye foleni moja ya wote iliyopo ndani ya SGA, yaani memori ya pamoja ya databesi. Upande wa pili wa foleni kuna seva za pamoja, S000, S001, S002, yoyote ikiwa huru inachukua ombi lililo mbele, inalifanyia kazi, jibu inaliweka kwenye foleni ya majibu ya ile dispacha, dispacha inampelekea mwenyewe.

Sasa swali la msingi: inawezekanaje S002 iendeleze kazi aliyoianza S000? Jibu ni memori. Kwenye mfumo wa kawaida UGA, yaani ile memori inayobeba hali ya sesheni (kursa zilizo wazi, vigezo vya pakeji na kadhalika), inakaa ndani ya prosesi ya yuza. Kwenye seva za pamoja UGA inahamishiwa SGA, kwenye large pool kama umeitenga, usipoitenga inaenda kubanana na wengine kwenye shared pool. Kwakuwa iko SGA prosesi yoyote inaweza kuifikia. Kwahiyo sesheni inabaki kuwa moja, namba yake ya SID na SERIAL# hazibadiliki, kinachobadilika kila ombi ni nani anayeihudumia.

Na hapo ndo treisi inapovurugika. Faili la treisi ni mali ya prosesi, sesheni haina faili. Ni kama zahanati yenye wahudumu watano na kila mhudumu anaandika kwenye daftari lake, mgonjwa mmoja akihudumiwa na wote watano historia yake iko kwenye madaftari matano, na kila daftari lina wagonjwa wengine katikati.

Tuiangalie kwa karibu. Chukulia sesheni 139 yenye serial 25, umeiwashia treisi hivi:

EXEC DBMS_MONITOR.SESSION_TRACE_ENABLE(session_id => 139, serial_num => 25, waits => TRUE, binds => FALSE);

Yuza anabonyeza kitufe. Ombi la kwanza linadakwa na S000, linaandikwa kwenye faili lenye jina la aina hii, orcl_s000_4121.trc. Ombi la pili S000 iko bize na mtu mwingine, kwahiyo linachukuliwa na S002, linaenda orcl_s002_4125.trc. La tatu linaweza kurudi S000. Ukifungua faili la S000 utakuta mstari kama huu:

*** SESSION ID:(139.25)

halafu chini yake PARSING IN CURSOR, PARSE, EXEC, WAIT, FETCH, alafu ghafla kama kuna sesheni nyingine nayo inatreisiwa utakuta mstari mwingine wa *** SESSION ID wenye namba nyingine na mambo yake. Hiyo mistari ya nyota tatu watu wengi wanairuka wakisoma, wakati kwenye seva za pamoja ndo mistari muhimu kuliko yote maana ndo inayokwambia kuanzia hapa kwenda chini ni habari ya nani.

Kosa linalofanyika sana ni kuchukua faili moja la S000 na kulisukumia moja kwa moja kwenye tkprof, ile zana inayogeuza treisi kuwa ripoti. Ripoti itatoka nzuri tu, ina jedwali na kila kitu, na itakuwa inadanganya. Kwanza ina kazi za watu waliochanganyika. Pili ina kipande tu cha yuza wako, labda ile kweri nzito ilihudumiwa na S002 na wewe hata faili lake hujalifungua. Tatu, kwenye matoleo ya zamani namba za kursa zilikuwa ndogo ndogo, 1, 2, 3, na kila sesheni inaanza na zake, kwahiyo kursa 1 ya sesheni hii na kursa 1 ya sesheni ile zinakutana kwenye faili moja na muda wa huyu unaweza kusomeka kama wa yule. Kuanzia 11.2.0.2 namba ya kursa imekuwa anwani ndefu ya memori kwahiyo mgongano huo umepungua, ila hizo sababu mbili za kwanza ziko palepale.

Kabla hujaenda kwenye mafaili, kuna mambo unaweza kuyaona papo hapo kwenye V$SESSION, orodha ya Oracle ya sesheni zote zilizopo. Angalia safu ya SERVER. Ikisema DEDICATED yuza ana prosesi yake, huna shida. Ikisema SHARED maana yake yuko kwenye seva za pamoja na sekunde hii kuna seva inamhudumia. Ikisema NONE wengi wanashtuka wanadhani sesheni imekufa, hapana, ni sesheni ya seva za pamoja ambayo kwa sasa haina seva yoyote kwasababu haina kazi. Na ile safu ya PADDR ambayo tumezoea kuiunganisha na V$PROCESS kupata SPID (namba ya prosesi kwenye mfumo wa uendeshaji), hapa isikupoteze, inaonyesha hali ya sekunde ile uliyouliza tu. Ukiuliza tena baada ya muda mfupi unaweza kupata prosesi nyingine, au ukapata dispacha badala ya seva.

Kinachokupa picha kamili ni V$CIRCUIT. Kila yuza wa seva za pamoja ana sakiti yake, na hapo unaona dispacha anayemshikilia, seva anayemhudumia kama yupo, na yuko kwenye foleni gani:

SELECT s.sid, s.serial#, s.username, s.server, d.name dispacha, h.name seva, c.queue
FROM v$circuit c
JOIN v$session s ON s.saddr = c.saddr
JOIN v$dispatcher d ON d.paddr = c.dispatcher
LEFT JOIN v$shared_server h ON h.paddr = c.server;

Safu ya QUEUE ikikuletea COMMON ujue ombi la huyo mtu limekaa kwenye foleni linasubiri seva, bado halijaanza hata kufanyiwa kazi. SERVER maana yake linashughulikiwa. DISPATCHER maana yake liko upande wa dispacha. NONE hana kitu. Mimi ningeanza hapa kila mara kabla ya kuwasha treisi yoyote, kwasababu kuna aina ya uchelewaji ambayo treisi haiwezi kukuonyesha: muda wa kukaa kwenye foleni. Treisi inaandikwa na seva, na seva haijui lolote kuhusu ombi ambalo bado halijalichukua. Yuza anasubiri sekunde kumi, treisi inasema kweri ilichukua nusu sekunde, na wote wawili wanasema kweli. Unakuta timu nzima inabishana, wa aplikesheni wanasema databesi ni slow, wa databesi wanaonyesha treisi wanasema sisi tuko safi, kumbe zile sekunde zingine zimepotelea kwenye foleni katikati yao.

Foleni inapimika. Kwenye V$QUEUE chukua mstari wa TYPE = 'COMMON', gawanya WAIT kwa TOTALQ, unapata wastani wa muda ambao maombi yamesubiri kwa mia za sekunde tangu instansi (Oracle inayokimbia kwenye seva) iwake. Kwakuwa ni wastani wa tangu mwanzo, chukua vipimo viwili, kimoja sasa na kingine baadae kidogo wakati wa msongamano, utoe tofauti, la sivyo usiku mzima wa utulivu utakuficha saa moja ya balaa. Ukiona namba iko juu suala lako sio kweri, ni SHARED_SERVERS na MAX_SHARED_SERVERS, au kuna ripoti ndefu ambazo hazikutakiwa kupita njia hii kabisa. Seva za pamoja zilitengenezwa kwa maombi mafupi mafupi ya watu wengi. Ripoti ya dakika ishirini inaishika seva moja dakika ishirini zote, na ukiwa na ripoti tano na seva tano, yuza wa kawaida hapati hata pa kupita.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo, na inachanganya sana ukiikuta mara ya kwanza. Yuza A amebadilisha rekodi fulani, hajafanya commit (hajathibitisha mabadiliko), amekaa anafikiria, na kwakuwa hana ombi seva yake imeachiwa imeenda kuhudumia wengine. Wanakuja B, C, D, E na F wote wanataka rekodi ileile, kila mmoja anachukua seva na kukwama nayo akisubiri loki ya A. Seva zimeisha. Sasa A anabonyeza hifadhi, commit yake inaingia kwenye foleni, hakuna seva ya kuichukua maana zote zimekwama zikimsubiri yeye. Databesi haitambui hii kama deadlock (loki zinazosubiriana kwa mduara) kwasababu kwa upande wa loki hakuna mduara, mduara unapitia kwenye foleni. Kama MAX_SHARED_SERVERS inaruhusu, Oracle itaongeza seva na mambo yatafunguka, kama umefika kikomo mmekwama. Ukiwa na treisi tupu hutoelewa chochote, V$CIRCUIT ikikuonyesha sesheni moja COMMON na zingine zote SERVER, na V$SESSION ikakuonyesha BLOCKING_SESSION ya hao wote ni yule aliyeko kwenye foleni, hapo picha inajichora yenyewe.

Hapa niseme jambo moja kuhusu kuua. Kwenye mfumo wa kawaida watu wamezoea kuchukua SPID na kupiga kill kwenye mfumo wa uendeshaji. Kwenye seva za pamoja tafadhali usifanye hivyo. Ukiiua S002 unamuumiza yeyote anayehudumiwa sekunde ile, ambaye huenda sio yule uliyemlenga, na ukiiua D000 umewakata wote waliounganishwa kupitia hiyo dispacha. Tumia ALTER SYSTEM KILL SESSION na SID na SERIAL#, hivyo viwili ndo vinamtambulisha sesheni popote alipo.

Turudi kwenye mafaili. Kuanzia 10g kuna zana inaitwa trcsess, inakuja na Oracle yenyewe, na kazi yake ni kupitia mafaili yote ya treisi, kuchambua ile mistari ya nyota tatu, kuokota vipande vya unayemtaka na kuvipanga kwa muda kwenye faili moja:

trcsess output=yuza139.trc session=139.25 *s0*.trc
tkprof yuza139.trc yuza139.txt sys=no sort=prsela,exeela,fchela

Kuanzia 11g mafaili yote yanakaa kwenye folda ya trace ndani ya ADR (hifadhi ya Oracle ya mafaili ya uchunguzi), njia yake unaipata V$DIAG_INFO. Kwenye matoleo ya nyuma yake kuna mtego, treisi za prosesi za kawaida zilienda user_dump_dest na za seva za pamoja zilienda background_dump_dest, kwahiyo mtu anahangaika kutafuta faili kwenye folda ambayo halikuwahi kuwepo.

Hapo umemaliza shida ya sesheni moja kugawanywa kwa prosesi nyingi. Lakini siku hizi kuna safu nyingine juu yake, na kwa maoni yangu ndo ngumu zaidi: puli ya koneksheni kwenye aplikesheni. Aplikesheni inafungua koneksheni labda ishirini kwa jina moja la yuza wa databesi, tuseme APP, na watu elfu wanapokezana hizo ishirini. Hapo hata SID haikusaidii. Sesheni 139 dakika hii ni ya mtu wa uhasibu, sekunde mbili zijazo ni ya mtu wa stoo, USERNAME wote ni APP, MACHINE ni mashine ya aplikesheni. Kwa upande wa databesi hawa watu hawapo. Na databesi haina uchawi wa kuwajua, lazima aplikesheni yenyewe imwambie, kila inapochukua koneksheni kwenye puli, hii sasa ni ya nani:

EXEC DBMS_SESSION.SET_IDENTIFIER('yuza_4471');
EXEC DBMS_APPLICATION_INFO.SET_MODULE('ANKARA', 'tafuta');

Hizo lebo zinaonekana V$SESSION kwenye CLIENT_IDENTIFIER, MODULE na ACTION, na zinaandikwa kwenye treisi kama mistari ya *** CLIENT ID, *** MODULE NAME na *** ACTION NAME. Baada ya hapo unaweza kuwasha treisi kwa mtu badala ya sesheni:

EXEC DBMS_MONITOR.CLIENT_ID_TRACE_ENABLE('yuza_4471', TRUE, FALSE);

Popote huyo yuza atakapotokea, sesheni yoyote, prosesi yoyote, hata kama ni RAC (databesi moja yenye instansi nyingi) instansi yoyote, databesi inamwandika. Baadae unakusanya na trcsess kwa clientid=yuza_4471 badala ya session. Ukitaka kufuata sehemu ya mfumo badala ya mtu kuna SERV_MOD_ACT_TRACE_ENABLE, hiyo inafuata servisi, moduli na akshen.

Kama una leseni ya Diagnostics Pack usisahau V$ACTIVE_SESSION_HISTORY nayo, inapiga sampuli kila sekunde kwa kila sesheni iliyo kazini na inabeba CLIENT_ID, MODULE na ACTION. Kwakuwa yenyewe inaangalia sesheni na sio prosesi, mambo ya S000 na S002 hayaisumbui kabisa, na tofauti na treisi inaweza kukuambia kilichotokea kabla hujapigiwa simu.

Ila lebo zina hatari yake na hapa naomba wadau wa aplikesheni msome kwa makini. CLIENT_IDENTIFIER inakaa kwenye sesheni mpaka mtu aibadilishe au aifute. Aplikesheni ikiweka lebo wakati wa kuchukua koneksheni lakini kuna njia moja ya kodi, labda kazi ya usiku au sehemu ya makosa, ambayo inachukua koneksheni bila kuweka lebo yake, kazi hiyo itaonekana imefanywa na yuza wa mwisho aliyetumia koneksheni ile. Kwenye treisi ya spidi utapoteza muda tu, lakini lebo hiyohiyo inaingia pia kwenye rekodi za ukaguzi, na hapo mtu anaweza kuulizwa kwanini alifuta rekodi ambayo hajawahi hata kuiona. Weka lebo sehemu moja tu, pale pale puli inapotoa koneksheni, na ita DBMS_SESSION.CLEAR_IDENTIFIER pale inaporudishwa. Ukiacha kila mwandishi wa kodi akumbuke mwenyewe, kuna siku mmoja atasahau na hakuna eror itakayotokea kumshtua.

Njia ya mkato ambayo wengi wanaipenda ni kumuunganisha yuza kwa SERVER=DEDICATED kwenye maelezo ya koneksheni, treisi inatoka faili moja safi. Naikubali kama unachunguza kweri yenyewe, mpango wake na mambo ya indeksi. Siikubali kama lalamiko ni uchelewaji wa jumla, maana umeondoa foleni, umeondoa dispacha, umerudisha UGA kwenye prosesi, na baada ya hapo tatizo likipotea hujui kama umelitibu au umelikwepa.

Upande wa PostgreSQL hakuna seva za pamoja ndani ya databesi, watu wanaweka PgBouncer (programu ya puli ya koneksheni) mbele yake, na ikiwa kwenye modi ya transaction koneksheni ya nyuma unapewa kwa muda wa muamala mmoja tu. Piga SELECT pg_backend_pid() mara mbili kwenye miamala miwili tofauti, unaweza kupata namba mbili tofauti ukiwa kwenye koneksheni ileile ya kwako. Kwahiyo pid kwenye pg_stat_activity sio mtu, na client_addr inakuonyesha anwani ya PgBouncer. Kinachosaidia ni application_name, hii PgBouncer inaifuatilia kwa kila klayenti na kuirudisha inapombadilishia koneksheni, alafu weka %a kwenye log_line_prefix ili kila mstari wa logi uwe na jina. Vigezo vyako vingine usiviweke kwa SET tupu, vitabaki kwenye koneksheni na kumkuta mwingine, tumia SET LOCAL ndani ya muamala vinafutika muamala ukiisha. Kujua nani yuko kwenye koneksheni gani sasa hivi, ingia kwenye konsoli ya PgBouncer piga SHOW CLIENTS na SHOW SERVERS, safu ya link ndo inayowaunganisha.

Ukishamaliza kuchunguza zima treisi. Treisi ya sesheni inaisha sesheni ikiisha, lakini ile ya CLIENT_ID_TRACE_ENABLE inakumbukwa hata databesi ikizimwa na kuwashwa, itaendelea kuandika miezi na miezi mpaka diski ijae, na kama uliwasha binds (thamani zinazoingizwa kwenye kweri) basi data za watu ziko humo kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo yeyote mwenye ruhusa ya folda anazisoma. SELECT * FROM dba_enabled_traces inakuonyesha zote za aina hii zilizo hai, unachokuta hapo unakizima kwa CLIENT_ID_TRACE_DISABLE na jina lilelile la lebo, herufi kwa herufi.